Mwaka Nilipompakata Ouma

Mwalimu Okeyo amekufa, na kwa maneno yake mwenyewe sasa hajui lolote. Ndivyo alivyotufundisha kwenye meza ya pembeni ya hoteli ya shangazi yangu pale Homa Bay, miaka thelathini na kitu iliyopita, huku akikata chapati vipande vidogo vidogo kama anamlisha mtoto: mtu akifa amekufa, hasikii, haoni, hazunguki nyumba akichungulia madirishani. Amelala tu mpaka siku ya kuamshwa. Haya, amelala. Binti yake alinipigia simu wiki iliyopita nikiwa dukani kwangu hapa Migori. Akasema, "Auntie Zena, Mzee ametuacha," nami nikabaki nimeshika simu sikioni hata baada ya yeye kukata. Wateja wakaniona nalia, wakaniambia pole, Mwalimu alikuwa mtu mzuri. Kweli alikuwa mtu mzuri. Lakini Mungu anisamehe, niliyekuwa namlilia hakuwa Mwalimu. Nilikuwa namlilia ndugu yake mdogo, Ouma, aliyezama ziwani nikiwa na miaka kumi na tisa, ambaye nilimpenda na sikumwambia mtu, hata yeye mwenyewe.

Mwaka ule kazi yangu ilikuwa kukanda unga. Hoteli ilikuwa vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kilipakwa rangi ya buluu mpaka usawa wa mabega, na kutoka hapo kwenda juu kilipakwa moshi. Chumba cha nyuma kilitengwa kwa ukuta wa mbao ambao haukufika darini, hivyo aliyekuwa nyuma alisikia kila kitu cha mbele, na wa mbele akasikia cha nyuma, na Shangazi Rukia akasikia vyote, kisha akajifanya hakusikia. Palinuka mkaa, iliki na samaki wa kukaanga. Barazani aliketi Petro na cherehani yake, Mkatoliki wa kwenda misa kila alfajiri, na saa za chai alihamia ndani na tepu shingoni. Mwalimu alikuwa Msabato wa kweli kweli: hanywi chai, hagusi samaki aina ya kamongo, akifika anaagiza maziwa moto yasiyo na majani, na Shangazi kila siku anamuuliza, "Leo pia dini haijaruhusu?" Wa mwisho kufika alikuwa Ouma, fundi wa injini za boti, mrefu mpaka anainamisha kichwa mlangoni, mikono imejaa grisi hata baada ya kunawa mara tatu. Nilijua hatua zake tangu mbali. Unga ungekuwa umeshalainika, nami bado nakanda.

Mabishano yao yalikuwa yaleyale, na leo ningetoa duka langu zima kuyasikia tena. Petro ndiye alikuwa mchokozi. "Mwili ni nguo, Mwalimu. Mvaaji ni roho. Nguo ikichakaa, mvaaji anaivua, anaenda zake."

"Anaenda uchi?" Mwalimu anauliza, na watu wanacheka. "Petro, tangu ushone nguo, umewahi kupima mtu ambaye hana mwili? Mtu hana roho ndani yake kama embe liko na kokwa. Mtu ni udongo na pumzi, hizo mbili zikikutana ndiyo mtu. Angalia hiyo koroboi. Nikiipuliza, moto umeenda wapi? Umeenda Kisumu?"

"Na mimi niko na swali," Ouma akasema siku moja, akainua mkono wake wa kushoto. Kidole cha shahada kilikuwa kimeishia kiungo cha katikati. "Hii ilikatwa na propela pale Mfangano. Ikaanguka kwa maji, samaki wakakula. Sasa mvua ikikaribia, inaniwasha. Na si hapa ilikatikia. Inaniwasha huku," akaonyesha hewa tupu, pale ambapo ncha ya kidole ingekuwa. "Mwalimu, kama mtu ni mwili peke yake, hapa ni nini inawasha? Na wewe Petro, kama mwili ni nguo, ni lini umeona shati imetupwa ikamwasha mwenyewe?"

Hoteli nzima ikaangua kicheko, maana wote wawili walikuwa wamepigwa kwa fimbo moja. Mwalimu akasema ni neva, ubongo haujapata habari kwamba kidole kimeenda. "Basi ubongo wangu ni mwaminifu kukushinda," Ouma akamjibu. Shangazi akapita na birika akasema roho ni siri ya Mungu, na chai yake haikupikwa ili ipoe, kunyweni. Nami nilikuwa nimesimama na sinia mkononi, nikimtazama Ouma akicheka, nikafikiri: mimi najua kinachowasha, ni wewe mwenyewe. Sikuwa na elimu ya kubishana na walimu. Nilikuwa na mapenzi tu, na mapenzi yaliniambia mtu ni zaidi ya mahali anapoishia.

Nitasimulia alasiri moja, kisha niende kwenye maji. Mvua ilikuwa imeshika kwa juu ikakataa kushuka. Mama yao Ouma na Mwalimu alikuwa ametoka hospitali kuangaliwa goti, ameketi kando ya ukuta akipuliza uji, anangoja gari la kumrudisha kwake upande wa Awendo. Mimi nakanda mezani. Ouma akaingia, akaketi mbele yangu, akauweka ule mkono wa kushoto juu ya meza, katikati ya unga, akakunja uso. "Zena, nikune."

"Nikukune una nini, huna mkono mwingine?"

"Nikikuna mwenyewe haiskii. Nimejaribu. Kuna hapa." Akaonyesha meza tupu mbele ya kile kidole kilichokatika.

Nikatazama huku na huku. Shangazi yuko uani na kuni. Nikanyoosha kidole changu chenye unga, nikakuna ubao, inchi moja mbele ya mwisho wake. Sikumgusa. Wallahi sikumgusa. Akafumba macho, uso wote ukalegea, akasema, "Yawa! Hapo hapo." Nikakuna. Akasema, "Polepole." Nikakuna polepole, moyo unanipiga mpaka nikadhani unga utaruka. Huko ndiko nilikompapasa Ouma, mara moja tu maishani, mahali ambapo hakuwapo. Kisha Shangazi akakohoa mlangoni, nikarudi kwenye unga, na mama yao alikuwa bado anapuliza uji wake. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi nilijiona hodari wa kubana kifua.

Wiki chache baadaye Ouma alivuka kwenda kisiwa cha Mfangano kutengeneza injini, akaijaribu majini na wavuvi wawili, na dhoruba ikawapindua. Wawili waliokotwa wameshika mtungi wa petroli. Ouma hakuokotwa. Watu wa ziwa wanajua hesabu zake: aliyezama huibuka siku ya tatu. Siku ya tatu boti zilizunguka hazikuona kitu, ya nne vivyo hivyo, wakaenda mpaka magugu ya upande wa pili. Mama yake alikuja akakaa chumba chetu cha nyuma siku tisa. Kila asubuhi alikwenda kusimama ufuoni na lile goti lake, akirudi anaketi juu ya gunia la unga, halii. Nilimpelekea uji, akaupokea, akanirudishia umepoa. Kwao, angelia matanga yangeanza, na matanga hayaanzi bila wa kuzikwa. Nami nilikuwa nimekatazwa na aibu. Ningemlilia kama nani? Mpishi wa chapati? Nilikwenda chooni nikajaza leso mdomoni, nikatoka nimeosha uso.

Siku ya tisa Mwalimu alikuja kumwambia mama yake arudi nyumbani. Nilikuwa upande wa pili wa mbao. Walizungumza Kijaluo, ambacho nimekulia ndani yake, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili. Mama alisema atarudi akiwa na mtoto wake: ziwa likikataa kumtoa, watakata yago, wamzike. Yago ni tunda la mti ule mkubwa wa kando ya mito, refu na zito kama gogo, lisiloliwa. Wajaluo tangu zamani, mtu akipotea mwili usionekane, hulichuma tunda hilo wakalilaza kaburini mahali pake.

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa," Mwalimu akasema. "Watu watasema nini? Mwalimu amezika tunda?"

"Watasema amezika ndugu yake."

"Ndani ya tunda hamna Ouma."

"Na ndani ya mwili huwa mna nani? Si wewe unayewaambia watu kila siku kwamba ndani hamna mtu, mwili wenyewe ndio mtu?"

"Ndiyo. Nimesema hivyo."

"Vizuri. Mimi sikusoma, sitabishana nawe. Mwili ndio mtu. Basi nipe mwili."

Nilingoja, mikono imezama kwenye unga. Kilichokuja ni sauti ya mtu mzima analia kama amekabwa. Akasema, "Mama, mimi huwaambia watu wafu wamelala. Huyu amelala wapi?" Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anamkatalia kwa ukaidi. Imani yake yote iliegemea mahali, kaburi ambalo siku moja litafunguliwa, na ziwa lilikuwa limemnyang'anya hata hilo. Mama yake akamwambia, "Tutamtafutia mahali," kama anavyoambiwa mtoto aliyepoteza kiatu.

Shangazi alinituma niende nao na masufuria na magunia ya mkaa, nikasaidie kupika. Tulikwenda na pikapu ya samaki iliyooshwa lakini bado inanuka. Kabla ya kufika Rongo tukasimama mtoni, binamu akapanda mti, na mama akasimama chini akichagua kwa fimbo. "Hilo hapana, ni fupi. Ouma alikuwa mrefu. Hilo nalo limeliwa na wadudu, nipe la pale." Akaliteremsha kwa kamba, polepole. Kijana mmoja wa ukoo akalipokea akataka kulitupa nyuma ya pikapu juu ya mkaa, mama akamkemea mpaka ndege wakaruka. "Atabingirika kama viazi? Mna akili nyinyi?" Akageuka akatutazama wote, shangazi za marehemu, wake za binamu, wanawake wa ukoo waliostahili. Akanyoosha fimbo. "Wewe, nyathina, mtoto wangu. Panda uketi. Mpakate."

Nilidhani ni kwa sababu nilikuwa kijana na nina mapaja imara. Wakanilaza tunda mapajani. Lilikuwa na ngozi ya kijivu iliyokwaruza, lina baridi ya mtoni, na uzito ambao sikuutarajia, uzito wa mtoto aliyelala fofofo. Nilizungusha mikono. Barabara ya kwenda Awendo ilikuwa imechimbwa na malori ya miwa, kila tukipishana na moja vumbi linatufunika na mabua yanatuangukia, na kila pikapu iliporuka nililibana kifuani. Jua likawa kali. Nikavua leso yangu ya begani nikafunika upande mmoja wa lile tunda, ule ulioegemea bega langu. Ungeniuliza ningekuambia nazuia vumbi. Mwalimu aliketi mkabala nami akiwa amejiinamia na suti yake ya kanisani, akainua macho, akaiona ile leso, akayashusha. Injini ilikuwa inanguruma. Nikainamisha uso, nikamwambia Ouma kwamba nampenda, kwamba nilimpenda tangu siku ya kwanza alipogonga kichwa mlangoni, kwamba angerudi ningemkuna mpaka kucha ziishe. Injini ikayala maneno yangu yote. Sikuwahi kabla ya hapo kuwa na furaha na uchungu vikakaa mahali pamoja vile, na sijawahi tena.

Kaburini ndipo palipotokea kesi. Kaburi limechimbwa kando ya nyumba ya mama yake, kichwa kielekee wapi inajulikana, lakini kichwa cha tunda ni kipi? Mzee mmoja akasema kikonyo ndicho kichwa, maana ndipo lilipopatia uhai. Mwingine akasema hapana, tunda huning'inia, kikonyo ni miguu iliyoshika tawi, mnataka kumzika kijana wetu kichwa chini? Wakapandisha sauti. Mtu akasema huyu binti wa Kiswahili amembeba safari nzima, yeye amemshika vipi? Mwingine akacheka, akasema basi labda ametoka Rongo mpaka hapa miguu juu, Ouma atatulaani. Hata waliokuwa wanalia wakacheka. Mimi nimeketi chini, bado nimempakata, natamani ardhi inimeze.

Mwalimu akaja. Yeye ambaye kwake hapakuwa na mtu pale, palikuwa na tunda. Watu wakampisha, maana walijua msimamo wake na walitaka kuona ataamuaje kichwa cha kitu asichokiamini. Akapiga magoti mbele yangu, suti ndani ya udongo mwekundu. Akatazama kikonyo, akatazama upande wa pili, akatazama leso yangu. Akaweka kiganja juu ya leso. "Kichwa ni hapa," akasema. "Hapa palipofunikwa." Akapitisha mkono mmoja chini, na ule mwingine akashikilia pale kwenye leso, namna unavyomtoa mtoto mikononi mwa mama yake bila shingo kulegea, akaninyanyulia uzito wangu akashuka nao kaburini. Mama yake ndipo akalia. Alipoanza, boma zima likaanza, nami nikapata kulia katikati ya makelele ya watu, hakuna aliyeniuliza nalia kama nani. Leso yangu ilizikwa.

Mwalimu alirudi kwenye meza yake baada ya mwezi. Petro hakumchokoza tena, na kusema kweli mwaka ule uliobaki ulikuwa mkimya, chapati zikapikwa, zikaliwa. Mara moja tu, hakuna mtu mwingine, aliniuliza akiwa ameshika kikombe cha maziwa, "Zena, lilikuwa zito?"

"Lilikuwa zito, Mwalimu."

"Uzito wa namna gani?"

"Wa mtu."

"Tunda ni tunda," akasema, akanywa maziwa. Hatukulizungumza tena maisha yetu yote, ingawa kila Idi alinitumia salamu, na nilipoolewa huku Migori alikuja na suti ileile.

Mume wangu alikuwa mwema, nimezaa, nimepakata watoto na wajukuu. Nasema hivi mtu asije akadhani nimeishi kama mjane wa tunda. Lakini zipo siku, hasa mvua ikikaribia, nimeketi dukani sina kitu mapajani, na uzito ule unakuja, wote, na ubaridi wake. Natazama chini naona gauni langu tu. Ningependa kumuuliza Mwalimu ni neva gani hiyo. Ningependa zaidi kumwambia Ouma kwamba swali lake nimeishi nalo, nimelizungusha kila upande, na bado sijui ni nini kinachowasha pale pasipo na kitu. Najua tu kwamba kinawasha, na kwamba huwezi kujikuna mwenyewe.

Jana tumemzika Mwalimu. Amelazwa pembeni ya Ouma, alivyoagiza mwenyewe. Mchungaji alihubiri usingizi wa wafu, vizuri tu. Baada ya chakula mke wake Mwalimu, ambaye wakati ule alikuwa bado hajaolewa pale, alinivuta mkono tukaketi nyuma ya jikoni, akanimiminia chai. Nyumba ile sasa chai inanywewa.

"Wewe ndiye Zena uliyembeba," akasema.

"Ndiye mimi. Nilikuwa na nguvu siku zile."

Akatingisha kichwa. "Si nguvu. Mama aliniambia kabla hajafa. Wanawake wa ukoo walimkasirikia sana, kwa nini ampe mgeni. Akawaambia huyu binti nilimwona hotelini akimkuna mtoto wangu kidole kisichokuwapo, na wala hakuthubutu kumgusa. Akasema, nilitaka amshike hata mara moja, kabla hatujamweka chini."

Chai ilipoa mkononi mwangu, miaka yote hiyo nimebana kifua, na kikohozi kilishasikika alasiri ile na bibi mwenye goti bovu aliyekuwa anapuliza uji. Watu walipoanza kutawanyika nikaenda peke yangu kwenye makaburi. La Mwalimu bado ni udongo mbichi. La Ouma limejengewa saruji, imepasuka kidogo upande wa kichwa, ule upande aliouchagua ndugu yake. Mawingu yalikuwa yameshika upande wa ziwa. Nikachuchumaa, magoti yangu nayo sasa ni ya hospitali, nikanyoosha kidole nikakuna udongo, inchi moja nje ya saruji inapoishia. Polepole.